Habari za Bibi Elizabeth Gaskell, Mke wa Mhubiri wa Manchester

Mara nyingi twawasimulia habari za wahubiri na wamisionari. Mwezi huu twataka kusimulia habari za mwanamke ambaye hakuhubiri hata siku moja, wala hakusafiri kwenda nchi za mbali kupeleka Injili. Alikuwa mke wa mhubiri, mama wa watoto, mwenye bustani ya mboga na ng'ombe wa maziwa. Naye aliandika hadithi. Hata hivyo, kwa ajili ya kitabu chake kimoja washarika wa mumewe mwenyewe walikasirika hata wakakitia motoni. Jina lake ni Elizabeth Gaskell, naye aliandika vitabu vyake katika siku za Malkia Victoria wa Uingereza.

Alizaliwa London tarehe 29 Septemba 1810. Baba yake, William Stevenson, hapo kwanza alikuwa mhubiri, lakini aliiacha kazi hiyo kwa kuwa dhamiri yake ilimsumbua kupokea mshahara kwa kulihubiri Neno. Akajaribu ukulima, nao ukamshinda. Mwisho akapata kazi ya kutunza hati za hazina ya serikali. Mama yake alifariki mtoto akiwa na umri wa miezi 13 tu. Basi mama yake mkubwa, Hannah Lumb, akamchukua akamlea katika mji mdogo wa Knutsford, upande wa kaskazini-magharibi wa Uingereza. Mji huo ulikuwa na wajane na mabinti wazee wengi, wenye heshima nyingi na fedha chache. Elizabeth aliupenda maisha yake yote, na alipokuwa mtu mzima akauandikia kitabu kiitwacho Cranford, ambacho msomaji hucheka katika ukurasa mmoja na kutoa machozi katika ukurasa wa pili.

Alikuwa na kaka mmoja tu aliyesalia, jina lake John, baharia wa merikebu za biashara za kwenda Bara Hindi. Yapata mwaka 1828 habari zake zikakatika. Kama alizama, au kama alifia ugenini, haikujulikana kamwe. Mwaka uliofuata baba naye akafa. Twadhani si bure kwamba katika Cranford yumo kaka mmoja aliyepotea miaka mingi katika nchi za mashariki, naye hurudi kwa dada yake siku ile dada amekwisha kuwa maskini na mzee. Jambo ambalo Mungu hakumjalia katika maisha yake, alimjalia yule dada wa hadithi.

Tarehe 30 Agosti 1832 aliolewa na William Gaskell, mhubiri wa kanisa la Cross Street katika mji mkubwa wa Manchester. Hapa yatupasa kusema wazi. Bwana Gaskell na mkewe walikuwa wa jamii ya Wakristo waitwao Waunitari, ambao hukiri Mungu mmoja lakini hawaungami Utatu Mtakatifu kama sisi tunavyouungama katika Imani ya Nikea na katika Ungamo la Augsburg. Hapo njia zetu zaachana, wala hatupendi kulificha jambo hilo. Lakini hatukatazwi kutazama matendo ya mtu na kujifunza.

Na kuna jambo dogo la kutufurahisha sisi Walutheri. Bwana Gaskell alikuwa mwalimu pia, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo dada wawili, Catherine na Susanna Winkworth, waliokuwa rafiki wa nyumba ile. Catherine huyo ndiye aliyezitafsiri nyimbo nyingi za kanisa la Kijerumani kwa Kiingereza, na kitabu chake cha kwanza cha nyimbo hizo kilitoka mwaka 1855. Hata leo Waingereza wakiuimba ule wimbo wa shukrani wa mchungaji Martin Rinckart, wauimba kwa maneno ya mwanafunzi wa Bwana Gaskell.

Sasa twaje kwa Manchester. Mji huo ulikuwa mji wa pamba. Pamba ililetwa kwa merikebu kutoka Marekani, ikasokotwa na kufumwa katika viwanda vikubwa vilivyoendeshwa kwa nguvu za mvuke. Wenye viwanda walitajirika upesi sana. Wafanya kazi wao walikaa katika nyumba zilizobanana, na wengine katika vyumba vilivyochimbwa chini ya ardhi, ambamo sakafu ni udongo na maji machafu ya njiani yaliingia mlangoni. Biashara ilipolegea viwanda vilifungwa, nao wakakaa bila mshahara. Bibi Gaskell aliyaona hayo kwa macho yake, kwa maana alifundisha wasichana wa viwandani katika shule ya Jumapili, na akaenda nyumbani kwao. Jumapili hiyohiyo, katika ibada, aliketi pamoja na wenye viwanda, maana matajiri wengi wa mji walikuwa washarika wa Cross Street. Nafasi hiyo katikati ya pande mbili haikuwa rahisi kwa mke wa mhubiri, nayo ndiyo iliyozaa vitabu vyake vikuu.

Lakini hakuanza kuandika kwa ajili hiyo. Alianza kwa ajili ya kilio. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa amekufa, mwaka 1833. Baadaye Mungu alimpa binti wanne waliokua, nao ni Marianne, Meta, Florence na Julia. Kati ya Florence na Julia alizaliwa mtoto mwanamume, akaitwa William kwa jina la baba yake. Mwezi wa Agosti 1845 walikuwa mapumzikoni katika nchi ya Wales, na mtoto akashikwa na homa nyekundu, akafa kabla hajatimiza mwaka mmoja. Mama akazama katika huzuni. Ndipo Bwana Gaskell, akiona mke wake anadhoofika, akamshauri aandike kitabu kirefu ili moyo wake upate kazi.

Kitabu hicho kilitoka mwaka 1848, kikiitwa Mary Barton, bila jina la mwandishi. Naye alilipwa pauni 100. Ndani yake mwasimuliwa habari za John Barton, mfumaji, mtu mwema ambaye mwanawe mdogo aliugua akafa kwa kukosa chakula chema wakati wa shida. John akatumwa London pamoja na wenzake kupeleka maombi ya wafanya kazi mbele ya Bunge, lakini hawakusikilizwa. Akarudi moyo wake umekuwa mgumu. Kisha wenye viwanda na wafumaji wakagombana juu ya mshahara, na kijana mmoja tajiri, mwana wa Bwana Carson, akawadhihaki wafumaji kwa kuwachora picha katika matambara yao. Wafumaji wakapiga kura kwa siri nani amwue, na kura ikamwangukia John Barton. Akamwua.

Hadithi nyingi zingekoma kwa mnyongaji. Bibi Gaskell hakukoma hapo. Mwisho wa kitabu John Barton, ambaye dhambi yake inamla kama ugonjwa, amwungamia Carson mzee kwamba ni yeye aliyemwua mwanawe. Mzee akataa kusamehe, atoka kwa hasira. Njiani aona mtoto mdogo wa kike aliyeangushwa na kijana mkorofi, damu yamtoka, naye amwombea kijana yule asipigwe kwa kuwa hakujua alilolifanya. Mzee ajua amekwisha kuyasikia maneno kama hayo mahali fulani. Afika nyumbani, ashusha Biblia iliyokaa bila kufunguliwa, asoma habari ya msalaba usiku ule mpaka mwisho. Asubuhi arudi kwa mfumaji, na John Barton akafa mikononi mwa baba wa kijana aliyemwua.

Watu wengi walikisifu kitabu hiki. Charles Dickens, mwandishi mkubwa wa siku zile, akamwomba awe mmoja wa waandishi wa gazeti lake jipya. Lakini wenye viwanda wa Manchester walikasirika. Walisema ameeleza upande wa wafumaji tu, hajui biashara, na amewatia maskini uchungu. Gazeti kubwa la mji likamshutumu vivyo hivyo. Twaona kwamba lawama hizo hazikuwa tupu kabisa, na yeye mwenyewe alikubali kwa sehemu, maana miaka michache baadaye aliandika kitabu cha pili juu ya jambo lilelile, North and South, ambamo mwenye kiwanda naye apewa nafasi ya kujieleza kama mtu mwenye akili na haki. Katika kitabu hicho yumo pia mchungaji aachaye usharika wake kwa ajili ya dhamiri, akahamia mji wa moshi pamoja na mke na binti. Msomaji atakumbuka habari ya Bwana Stevenson.

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuandike habari hizi.

Mapema mwaka 1850 Bibi Gaskell alikuwa akimtembelea msichana mmoja katika gereza la Manchester. Msichana alikuwa na umri wa miaka 16, yatima wa baba, na baba huyo alikuwa mchungaji. Mama yake aliolewa tena, akamtupa. Akawekwa kwa fundi mshonaji ajifunze kazi, na huko, alipougua, daktari aliyeitwa kumtibu akamharibu. Akashuka hatua kwa hatua mpaka akaiba akafungwa. Na siku moja daktari wa gereza alipoletwa mbele yake, msichana akaanguka akazimia, maana alikuwa mtu yuleyule. Bibi Gaskell hakuishia kulia. Alimwandikia Dickens, aliyekuwa akimsaidia bibi mmoja tajiri kutunza nyumba ya wanawake wa namna hiyo, akauliza yawezekanaje msichana huyu apelekwe nchi ya mbali aanze upya bila kujulikana. Akatafuta watu waaminifu wa kufuatana naye, na mwaka uleule msichana akasafiri kwenda Rasi, kusini mwa Afrika.

Yeye alikwenda, lakini neno likabaki moyoni mwa Bibi Gaskell. Mwezi wa Januari 1853 akatoa kitabu kiitwacho Ruth. Ruth ni yatima, mshonaji, mwenye umri kama wa yule wa gerezani. Kijana wa watu wakubwa amdanganya, amchukua, kisha amwacha peke yake katika nchi ya Wales, naye ana mimba. Hapo amkuta mhubiri mmoja maskini, kilema wa mgongo, Bwana Benson, akaaye na dada yake. Wamchukua nyumbani kwao. Na hapo watenda kosa: ili mtoto asipate kutukanwa, wawaambia watu kwamba Ruth ni mjane. Miaka yapita, Ruth amlea mwanawe Leonard, awa mwalimu wa watoto katika nyumba ya Bwana Bradshaw, aliye mtu mkubwa kuliko wote katika usharika ule. Siku moja siri yatoka. Bradshaw amfukuza Ruth mbele ya watoto, amlaumu mhubiri wake, na kiti chake kanisani chabaki kitupu.

Wako wasomaji waliosema kwamba Bibi Gaskell amefunika dhambi. Sisi hatuoni hivyo. Uongo wa Bwana Benson haufichwi katika kitabu. Mhubiri mwenyewe aungama kwamba hakumtumaini Mungu vya kutosha, na ule uongo ndio unaomletea Ruth aibu mara mbili mahali pa mara moja. Wala dhambi ya Ruth haiitwi wema. Ila Bibi Gaskell auliza swali ambalo kila mzee wa usharika aliyepata kuketi katika shauri la namna hii alijua vyema: mbona mwanamke ndiye aletwaye mbele, na yule mwanamume yuko wapi? Katika kitabu yule kijana aliyemharibu Ruth arudi miaka ile akiwa bwana mwenye heshima, aomba kura za watu aingie Bunge, na Bradshaw ndiye ampokeaye kwa karamu. Naye Bradshaw, aliyejisifu kwamba nyumba yake ni safi, ana mwana aliyeghushi sahihi ya mhubiri akauza mali yake.

Baadaye homa mbaya yaingia katika mji. Wauguzi wakimbia, na Ruth ajitoa kuwauguza wagonjwa hospitalini. Usiku mmoja Leonard asimama nje kati ya watu, awasikia wakizungumza habari za mama yake. Mmoja asema kwamba alikuwa mwenye dhambi kubwa, na hii ndiyo malipo yake. Mzee mmoja ambaye wake waliuguzwa na Ruth amkemea na kumbariki yule mwanamke. Ndipo kijana, aliyekuwa ameona haya kwa miaka mingi, asema mbele yao wote kwamba yeye ni mwana wake. Mwisho Ruth amwuguza hata yule aliyemharibu. Mwanamume apona, na mwanamke apata homa afa. Bwana Bradshaw ndiye amwokotaye Leonard akilia juu ya kaburi, amshika mkono, amrudisha nyumbani kwa mhubiri ambaye hakuwa ameingia mlango wake kwa miaka mingi.

Mwandishi mwenzake, Charlotte Brontë, binti wa mchungaji wa Haworth, alipoonyeshwa mapema jinsi hadithi itakavyokwenda, alilalamika akauliza kwa nini Ruth lazima afe. Nasi twakubali kwamba swali lake ni la haki. Kama Mungu amemsamehe, kwa nini mwandishi asimwache aishi? Labda Bibi Gaskell mwenyewe, kwa ujasiri wake wote, aliogopa watu wasingevumilia kumwona akizeeka kwa amani.

Hata hivyo hawakuvumilia. Washarika wawili wa Cross Street walikichoma moto kitabu hicho. Wa tatu akamkataza mkewe kukisoma. Maktaba moja ya London ikakiondoa. Rafiki wakamwandikia barua za masikitiko, naye akaugua kwa uchungu. Na tafadhali, msomaji, ufikiri jinsi Jumapili ilivyokuwa. Mke wa mhubiri hana pa kujificha. Aliketi kanisani karibu na watu waliokichoma kitabu chake, akaimba nao, akatoka nao mlangoni, akawauliza habari za watoto wao. Kazi ya mumewe ilikuwa mikononi mwa watu hao. Wala hatusikii kwamba Bwana Gaskell alimtaka anyamaze. Tangu mwanzo alizisoma hati zake na kuzisahihisha. (Ni kweli pia kwamba sheria ya siku zile ilifanya mapato ya mke kuwa mali ya mumewe, na safari moja mkewe aliandika kwa mzaha jinsi Bwana Gaskell alivyoziweka mfukoni pauni 20 za hadithi yake bila kusita. Sheria hiyo ilianza kugeuzwa mwaka 1870.)

Na jambo jingine latupendeza. Aliungama kwamba hata nyumbani mwake kitabu cha Ruth hakikuachwa mikononi mwa vijana wakisome peke yao. Alikusudia kukisoma pamoja na Marianne, binti yake mkubwa aliyekuwa na umri wa miaka 18, wakiwa wawili tu, katika saa ya utulivu. Hakukiandika ili kustarehesha watu.

Hatupendi kumfanya malaika. Charlotte Brontë alipofariki mwaka 1855, baba yake mzee alimwomba Bibi Gaskell aandike maisha ya binti yake. Akafanya kazi hiyo kwa bidii kubwa, na kitabu kilichotoka mwaka 1857 chasomwa hata leo. Lakini alimshutumu ndani yake mwanamke mmoja wa cheo kwamba ndiye aliyemharibu kaka wa Charlotte, na neno hilo alilipata kwa upande mmoja tu, kwa watu wa nyumba ya Brontë. Mwanamke yule akatishia kumshitaki. Bibi Gaskell mwenyewe alikuwa safarini Italia. Ikampasa mumewe na wakili kuyatengeneza, na kukubali kutangaza katika gazeti la The Times kwamba maneno yale yameondolewa. Vitabu vilivyosalia vikarudishwa, na kitabu kikachapwa tena baada ya kusahihishwa. Yeye aliyemtetea Ruth alisahau safari hii kuusikiliza upande wa pili.

Vita vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba haikuletwa tena kama zamani, na viwanda vya Manchester na miji ya jirani vikafungwa kimoja baada ya kingine. Watu elfu nyingi wakakosa chakula. Bibi Gaskell akaacha kalamu kwa muda, na yeye na binti zake wakashinda kutwa wakigawa msaada na kusimamia vyumba vya kushonea, ambamo wasichana wasio na kazi walipewa kushona, wakalipwa kidogo. Kazi hiyo ilimchosha sana, na tangu siku zile afya yake haikurudi vema.

Alimwona mumewe naye amechoka, kwa kuwa Bwana Gaskell hakupenda kupumzika. Basi akanunua kwa siri nyumba katika kijiji cha Holybourne, upande wa kusini wa Uingereza, mbali na moshi wa viwanda, kwa fedha za vitabu vyake, akakusudia kumpa kama zawadi wakati wa kustaafu. Binti zake walijua, mumewe hakujua. Siku ya Jumapili, tarehe 12 Novemba 1865, alikuwa katika nyumba hiyo pamoja na binti zake, wakinywa chai na kuzungumza. Katikati ya maneno yake akanyamaza, akaanguka, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 55. Kitabu chake cha mwisho, Wives and Daughters, kilikuwa kikichapwa sehemu kwa sehemu katika gazeti, nacho kilibakiza sehemu ya mwisho tu. Mhariri akawaeleza wasomaji jinsi hadithi ilivyokuwa iishe.

Alizikwa Knutsford, katika uwanja wa kanisa dogo alilokuwa akisali utoto wake pamoja na mama yake mkubwa. Bwana Gaskell hakukaa Holybourne. Alirudi Cross Street, akaendelea kuhubiri kwa washarika walewale mpaka alipofariki mwaka 1884, akalazwa kaburini pamoja na mkewe.